Minyororo ya meno, kramponi au viatu vya theluji: uvae nini mlima ukiganda

Mahali njia inapoanzia ardhi ni kavu, jua linawaka, na kuna mtu anakushangaa kwa nini umebeba vyuma mgongoni. Ukipanda mita 1,000 kutoka hapo, joto kwa wastani huwa limepungua nyuzi 6 na nusu. Kama kipimo kilisoma nyuzi 4 kule chini, huku juu umeshavuka nyuzi 2 chini ya sifuri, na yale maji yaliyokuwa yakichuruzika njiani jana mchana sasa ni kioo. Nimewahi kusimama mahali kama hapo na viatu vyangu vya kawaida, soli nzuri kabisa yenye meno makubwa ya mpira, nikashindwa kupiga hatua moja mbele wala moja nyuma. Nilishuka kwa makalio. Bahati nzuri pale palikuwa karibu tambarare, kwa hiyo nilichopoteza ni suruali na heshima.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza si theluji ina kina gani. Ni hili: nikiteleza hapa, nitasimama wapi? Jibu likiwa "hapahapa nilipo", kifaa chepesi kinatosha na pengine hata bila kifaa nitafika. Jibu likiwa "kule chini kwenye mawe", mambo yamebadilika, na urefu wa meno chini ya kiatu si suala la starehe tena. Kina cha theluji kinakuja baadaye, nacho kinaamua jambo lingine kabisa: utazama au hutazama.

Vifaa vyenyewe ni vya namna nne hivi, vyote vya kufunga juu ya kiatu chako: springi, minyororo ya meno, kramponi (fremu ya chuma yenye meno marefu) na viatu vya theluji, yaani vile vipana vya kukuzuia usizame. Nitavilinganisha viwiliviwili, maana ndivyo mtu anavyokwama wakati wa kununua. Hakuna anayejiuliza kuhusu vinne kwa pamoja. Ameshika kimoja mkono huu na kingine mkono ule.

Unakanyaga nini hasa

Lugha inatupa neno moja, theluji, lakini mguu unajua tofauti. Theluji mpya, kavu na laini, haitelezi sana. Kazi yake ni kukumeza. Iliyopitiwa na watu wengi hushindiliwa mpaka ikawa kama sakafu iliyopigwa nta, na hiyo ndiyo utakayoikuta kwenye njia maarufu siku mbili tatu baada ya kuanguka. Halafu kuna iliyoyeyuka mchana ikaganda usiku: asubuhi ni ngumu kama zege, saa sita ganda la juu linaanza kuvunjika, alasiri ni uji. Kuna barafu yenyewe, ya kijivu au ya buluu, inayojijenga pale chemchemi au kijito kinapokata njia. Hiyo huzidi kunenepa hata kama hakuna theluji mpya iliyoanguka kwa wiki kadhaa, kwa sababu maji yanaendelea kuja kutoka ardhini.

Na kuna utando mwembamba wa barafu juu ya mwamba, usioonekana mpaka uukanyage, maana unafanana na jiwe lililolowa tu. Huo ndio ninaouogopa kuliko yote. Meno ya chuma hayapati unene wa kuingia, yanagonga jiwe moja kwa moja. Mpira nao hauna cha kushika. Hakuna kifaa cha kuvaa kinachoutibu vizuri. Hapo unapunguza mwendo, unatafuta pengine pa kukanyaga, au unageuza.

Joto nalo lina ukorofi wake. Barafu iliyo karibu na nyuzi sifuri ina maji membamba juu yake, hivyo ndiyo inayoteleza zaidi chini ya soli ya mpira, lakini ni laini na meno ya chuma huingia bila shida. Barafu ya nyuzi 15 chini ya sifuri ina nafuu kidogo kwa mpira, ila imekuwa ngumu na hukatika vipandevipande. Meno mafupi au butu huishia kuikwaruza. Kwa hiyo mtu anayekuambia "minyororo yangu ilinitosha wiki iliyopita" anaweza kuwa anasema kweli na bado akakupoteza.

Angalia pia mlima umeelekea wapi. Kaskazini mwa ikweta, miteremko inayotazama kaskazini hupata jua kidogo na hubaki imeganda; kusini mwa ikweta ni kinyume chake. Unaweza kupanda kwenye matope na kushukia upande wa pili kwenye kioo, siku hiyohiyo.

Soli ya mpira tunayoitegemea haikuwapo siku zote. Wapanda milima wa zamani walipigilia misumari kwenye soli za ngozi. Mwaka 1935 Vitale Bramani, mpanda milima wa Italia, alipoteza wenzake sita katika Alps za nchi yake, na viatu visivyofaa vilihesabiwa kati ya sababu. Mwaka 1937 akaleta soli ya mpira yenye meno, ile inayoitwa Vibram, jina lililokatwa kutoka jina lake mwenyewe. Ilishika mwamba vizuri kiasi cha kuufukuza msumari. Lakini kwenye barafu msumari ulikuwa na haki yake, na karibu kila kifaa ninachokizungumzia hapa ni namna ya kuurudisha chini ya mpira, kwa sharti la kuuvua ukifika pakavu.

Springi au minyororo

Hapa sitachelewa. Springi ni waya uliosokotwa na kuzungushwa kwenye wavu wa mpira unaovutwa juu ya kiatu. Ni nyepesi, inaingia mfukoni, na inafaa kwa barabara zilizoganda, maegesho ya magari na njia tambarare iliyoshindiliwa. Ukienda nayo mlimani, shida inaanza pale unapokata mteremko kwa ubavu: sehemu kubwa ya waya inajikuta imelala kwenye mwelekeo uleule wa kuteleza, na kitu kilichotakiwa kukushika kinakuwa reli. Juu ya mawe hukatika. Niliwahi kuokota moja katikati ya njia, nikaenda mbele kidogo nikamkuta mwenyewe akishuka na springi mguu mmoja tu, kama mchezaji aliyeingia uwanjani na daluga upande huu na kandambili upande ule.

Minyororo ya meno ni kitu kingine. Vipande vidogo vya chuma cha pua vyenye ncha vimeunganishwa kwa mnyororo, na mnyororo umening'inizwa kwenye mkanda wa mpira unaozunguka kiatu kizima. Kila mguu huwa na meno 10 au zaidi, urefu wake takriban sentimita 1. Aina zenye vibao vya chuma badala ya mnyororo mtupu hufika sentimita 1 na nusu. Jozi huwa na uzito wa gramu 350 hadi 500. Kampuni ya Kahtoola ya Marekani ndiyo iliyolifanya jina la MICROspikes lizoeleke hadi watu wakawa wanaiita hivyo minyororo ya kampuni yoyote ile.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba haichagui kiatu. Buti zito, kiatu chepesi cha kutembelea, hata raba ya kukimbilia, vyote vinavaa. Unaivuta kwa sekunde chache, unaivua kwa sekunde chache, na kwa sababu hiyo kweli utaivaa. Kifaa kinachohitaji dakika tano kukifunga mara nyingi hubaki mkobani huku mwenyewe akisema "kipande hiki ni kifupi tu, nitapita hivihivi".

Kama safari yako ni ya mlima na unachagua kati ya hivi viwili, chukua minyororo. Springi waachie wanaokwenda kazini kwa miguu.

Minyororo au kramponi

Hapa ndipo pa kukaa na kufikiri, kwa sababu hapa kosa huwa kubwa, na hufanywa na watu waliokwisha kuzoea. Minyororo imewatumikia vizuri mara kumi. Mara ya kumi na moja njia inapanda zaidi kidogo, inapita kwa ubavu juu ya korongo, na wao wanaendelea nayo kwa mazoea.

Tofauti si urefu wa meno peke yake. Minyororo imeshikwa na mpira, na kazi ya mpira ni kuvutika. Ukipanda moja kwa moja juu ya theluji ngumu isiyo na mwinuko mkali, hilo halina madhara. Lakini ukikata mteremko kwa ubavu, uzito wako unakisukuma kiatu upande wa bondeni, mpira unavutika, meno yanabaki yalipo na kiatu kinahama juu yake. Baada ya hatua kadhaa mnyororo umepanda ubavuni mwa kiatu na wewe umesimama juu ya ukingo wa soli tupu. Kramponi ni fremu ya chuma iliyobana kiatu kuanzia ncha hadi kisigino. Meno na kiatu vinakuwa kitu kimoja. Meno yenyewe yana urefu wa sentimita 2 na nusu hadi 3 na ushei, na ya mbele yanachomoza nje ya ncha ya kiatu ili uweze kuyachoma kwenye mteremko uliosimama.

Mpaka wangu ni mteremko wa nyuzi 25, nyuzi za pembe sasa, si za joto. Chini ya nyuzi 20 minyororo inanitosha karibu kila mara. Kati ya 20 na 25 naangalia kilichopo chini yangu. Zaidi ya hapo, theluji ikiwa ngumu, navaa kramponi hata kama aliyenitangulia amepita na minyororo huku akipiga mluzi. Wengine watakuambia 30. Sibishani nao, ila naomba wapime kwanza, kwa sababu jicho linadanganya sana milimani. Laza fimbo juu ya theluji kufuata mteremko, weka simu juu yake na usome pembe kwenye programu ya kupimia. Kwenye ramani ni rahisi pia: kila mita 100 za usawa, njia ikipanda mita 36 hizo ni nyuzi 20, mita 47 ni nyuzi 25, mita 58 ni nyuzi 30, mita 70 ni nyuzi 35. Hesabu hiyo unaifanya nyumbani, mezani, kabla vidole havijaganda.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Walikuwa wakitembea kwenye matope. Kwenye theluji ngumu ya nyuzi 35, kuteleza ndiko kuanguka kwenyewe. Nguo za kuzuia mvua ni nyororo, hazishiki kitu. Kasi inaongezeka kila sekunde. Nafasi ya kujizuia ni ile ya mwanzo tu, kabla hujaanza kwenda kwa kasi. Kifaa cha kujizuia nacho ni shoka la barafu, ambalo unaliweka kifuani kwa mikono miwili na kulilalia ncha yake ichimbe theluji. Fimbo za kutembelea hazifanyi kazi hiyo. Ndiyo maana kwangu kramponi na shoka ni ununuzi mmoja. Mtu anayenunua kramponi bila shoka amejipa uwezo wa kufika mahali asipoweza kujiokoa. Na shoka bila mazoezi ni uzito tu: tafuta kimteremko kifupi kinachoishia kwenye theluji laini tambarare, vua kramponi, ujiangushe makusudi mara ishirini, kichwa mbele, mgongo chini, kila namna, mpaka mikono ijue bila kuuliza.

Je, basi si bora kuvaa kramponi kila mahali? La. Zina madhara yake, na kwenye njia nyepesi ni hatari kuliko minyororo. Meno marefu hunasa kwenye mguu wa suruali na kukupiga mweleka pale usipotarajia. Ndiyo maana wanaozizoea hutembea miguu imeachana kidogo, kama anayepita katikati ya mayai, na hukanyaga kwa wayo mzima ili meno yote ya chini yaingie kwa pamoja. Kwenye njia ya mawe yaliyochanganyika na theluji unasimama juu ya vigingi vya sentimita 3, na kifundo cha mguu ndicho kinacholipa. Na usithubutu kuteleza kwa makalio kwa kujifurahisha ukiwa umezivaa. Jino moja likinasa, mwili unaendelea na safari na mguu unabaki. Kwenye njia ya nyuzi 10 yenye mawe, mwenye minyororo atafika mapema na mzima zaidi.

Kramponi pia inachagua kiatu, na watu wengi hupuuza jambo hili. Uingereza kuna mpangilio mwepesi wa kulinganisha: viatu hupewa alama B0 hadi B3, kramponi C1 hadi C3. B0 ni kiatu laini cha kutembelea, kisichopaswa kuvishwa kramponi. B1 ina soli ngumu kiasi na huchukua C1, yaani zinazofungwa kwa mikanda mbele na nyuma. B2 ni ngumu zaidi, ina ukingo kisiginoni wa kushikilia bana ya nyuma, na hufika C2. B3 haipindi kabisa, ina ukingo mbele na nyuma, na huchukua zote hadi C3, zile zenye waya wa kushika ncha ya kiatu. Ukipanda juu kwenye C bila kupanda kwenye B, kiatu kitapinda na fremu haitapinda, na kitu kitachomoka au kukatika, kwa kawaida mahali pabaya.

Jaribio la kufaa ni rahisi. Rekebisha urefu wa fremu, ingiza kiatu bila kufunga mikanda, kisha kinyanyue. Kramponi ikibaki imeng'ang'ania, inafaa. Ikidondoka, irekebishe tena au tafuta nyingine. Mabizimu yakae upande wa nje wa mguu, ncha za mikanda zichomekwe zisipeperuke.

Chuma au aluminiamu, meno 10 au 12

Mwaka 1908 Oscar Eckenstein, mhandisi Mwingereza, alibuni kramponi ya meno 10 yote yakitazama chini. Mwaka 1929 Laurent Grivel wa Italia akaongeza mawili ya mbele, zikawa 12, na kuta za barafu zilizokuwa zikipandwa kwa kuchonga ngazi kwa shoka zikaanza kupandwa kwa ncha za miguu. Kwa mtembezi wa kawaida, anayefuata miteremko bila kupanda kuta, 10 zinatosha, na siku hizi hata hizo 10 kwa kawaida zina mawili ya mbele. 12 zina faida ndogo kwenye mwinuko mkali. Mimi nina 12 kwa sababu ndizo nilizozikuta, si kwa falsafa.

Chuma dhidi ya aluminiamu ni uamuzi mzito zaidi. Jozi ya chuma ina uzito wa gramu 800 hadi kilo 1. Ya aluminiamu gramu 500 hadi 650. Mtu anavutiwa, na ana haki, maana uzito wa mguuni huchosha mara kadhaa kuliko uzito uleule mgongoni. Lakini aluminiamu ni laini. Kwenye theluji iliyoganda inafanya kazi vizuri; kwenye barafu ya kale na mawe meno yake huliwa haraka na yanaweza kupinda. Kama njia yako ina mawe, na njia nyingi za majira ya baridi zina mawe, nunua chuma. Chuma hunolewa kwa tupa ya mkono, kufuata umbo la jino. Usipeleke kwenye mashine ya kunolea: joto linaharibu ugumu wa chuma na jino litapinda siku utakayolihitaji. Baada ya safari zikaushe, kutu haina subira.

Kitu kimoja usikubali kukikosa ni vibao vya plastiki au mpira chini ya fremu, vya kuzuia theluji isigande kwenye meno. Theluji yenye unyevu hujibandika chini ya chuma, ikakua kwa kila hatua, mpaka unatembea juu ya mpira wa theluji na meno hayagusi kitu. Minyororo nayo hupatwa na hilo, tena zaidi alasiri, na huwa haina vibao. Dawa yake ni kugonga kiatu kwa fimbo kila baada ya hatua chache. Inachosha. Ukijikuta unagonga kila hatua, joto limepanda kiasi kwamba pengine viatu vitupu vitashika vizuri zaidi. Vua, ujaribu.

Meno au viatu vya theluji

Mpaka hapa nimezungumzia kushika. Sasa ni kuzama. Kwenye theluji laini ya kufika magotini, kramponi bora kuliko zote haina msaada wowote, kwa sababu hakuna kitu kigumu cha kuchoma. Unatumbukia hadi paja, unajivuta, unatumbukia tena, na baada ya saa moja umeenda mita mia tano na nguo zimelowa jasho. Jasho hilo ndilo litakalokutetemesha ukisimama kupumzika. Isitoshe, unawaachia wanaokuja nyuma mashimo yatakayoganda usiku na kuwa mitego ya vifundo.

Viatu vya theluji hutawanya uzito wako juu ya eneo kubwa. Bado utazama kidogo, lakini sentimita kumi ni tofauti na sabini. Ukubwa huchaguliwa kwa uzito wa mwili pamoja na mzigo, na pia kwa aina ya theluji: iliyo kavu na nyepesi hudai kiatu kikubwa kuliko iliyolowa na kushikana. Jozi huwa na kilo 1 na nusu hadi 2 na zaidi, kwa hiyo usivivae kwa sifa kwenye njia iliyokwisha kushindiliwa. Huko minyororo itakuacha mbali.

Kati ya viatu vya theluji vyenyewe kuna vya fremu ya bomba la mviringo, vilivyotengenezwa kwa ajili ya uwanda na vilima vya upole, na kuna vya mlima, ambavyo fremu yake yote ina meno pembeni na chini ya vidole kuna kramponi ndogo. Ukitaka kupanda, hivyo vya pili tu. Tafuta pia chenye kipande cha waya kinachonyanyuliwa chini ya kisigino: kwenye mwinuko mrefu kinapunguza kuvutwa kwa msuli wa nyuma ya mguu, na mtu aliyekitumia mara moja harudi nyuma. Udhaifu wa viatu vya theluji ni kukata mteremko kwa ubavu. Kiatu ni kipana, kifundo kinalazimishwa kupinda, na theluji ikiwa ngumu unaning'inia kwenye safu moja ya meno. Kushuka nako hakupendezi, maana mkia unakanyaga kwanza na unataka kuteleza kama sleji. Mwinuko ukikaza na theluji ikawa ngumu, vifunge mgongoni uvae kramponi.

Hapa niseme jambo ambalo halihusu viatu. Maporomoko ya theluji hutokea zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, yaani palepale kramponi na viatu vya theluji vinapokuwezesha kufika. Kifaa cha kushika hakijui tabaka la theluji lililo chini yake lina udhaifu gani. Soma taarifa ya siku hiyo ya hatari ya maporomoko kwa eneo unalokwenda, na kama haipo au huielewi, baki kwenye miteremko ya chini ya 30 isiyo na mikali juu yake.

Ninachoweka mkobani

Njia inayojulikana, yenye watu, isiyozidi nyuzi 20: minyororo na fimbo mbili, basi. Hii ndiyo safari nyingi za watu wengi, na anayeanza asisukumwe kununua zaidi. Theluji mpya nyingi kwenye njia hiyohiyo: viatu vya theluji miguuni, minyororo mkobani kwa ajili ya sehemu zilizoshindiliwa na kwa kurudi. Kilele chenye sehemu ya mwisho iliyosimama na upepo umeisugua ikabaki ngumu: kramponi, shoka, buti la B1 kwenda juu, na minyororo pia kwa zile saa tatu za chini. Ndiyo, vyote viwili. Gramu 400 za ziada ni nafuu kuliko kuharibu meno ya kramponi kwenye mawe au kupanda hadi juu na minyororo kwa sababu tu ndiyo iliyokuwa miguuni tayari.

Kuvaa kufanyike mapema. Mahali pazuri ni pale pa mwisho pa tambarare kabla ya mwinuko, si katikati yake ukiwa umesimama kwa mguu mmoja. Huko juu kuna upepo pia: nyuzi 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 40 kwa saa huhisiwa na ngozi tupu kama nyuzi 21 chini ya sifuri, na mtu aliyevua glovu kushughulikia mkanda ana muda mfupi kabla vidole havijakataa kutii. Kwa hiyo kifaa unachoweza kukifunga na glovu ndicho chako. Kingine ni cha mwenye duka.

Mimi huvaa glovu nene usiku wa kabla ya safari, nikazima taa, nikaketi sakafuni na kufunga kramponi kwa kupapasa. Mara ya kwanza ilinichukua dakika kumi na moja. Nilipowasha taa nikakuta nimevaa ya kushoto mguu wa kulia, mabizimu yote ndani.